Patricia Routledge, aliyemwigiza Hyacinth Bucket: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Patricia Routledge alikuwa nani?

Mwigizaji wa Uingereza, aliyezaliwa tarehe 17 Februari 1929 na kufariki tarehe 3 Oktoba 2025 akiwa na miaka 96. Watu wengi duniani wanamjua kwa sura moja tu: Hyacinth Bucket, mama mpenda makuu wa tamthilia ya BBC iitwayo Keeping Up Appearances. Ila alipoanza kumwigiza Hyacinth mwaka 1990 alikuwa na miaka 61, na alikuwa amekwishakaa jukwaani karibu miaka 40. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye miaka hiyo, kwa sababu ndimo Hyacinth alimopikwa.

Alikulia wapi na alisomea nini?

Alikulia Birkenhead, mji unaotazamana na Liverpool, ng'ambo ya mto Mersey. Baba yake aliuza nguo za kiume. Alisoma fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Liverpool, kisha akaenda kufundwa uigizaji Bristol, kwenye shule ya ukumbi wa Old Vic. Alipanda jukwaani kikazi kwa mara ya kwanza mwaka 1952, katika ukumbi wa Liverpool Playhouse, kwenye mchezo wa Shakespeare, A Midsummer Night's Dream. Miaka miwili baadaye akafika London na The Duenna, mchezo wa nyimbo uliotokana na kazi ya Richard Brinsley Sheridan. Tunza jina hilo la Sheridan, litarudi.

Hyacinth anaimba vibaya sana. Je, Routledge mwenyewe alijua kuimba?

Alijua, tena barabara. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linaeleza mambo mengi kuhusu kazi yake.

Routledge alikuwa na sauti iliyofunzwa kwa nyimbo za kitambo, na kwa miaka mingi aliishi kwa michezo ya muziki kuliko kwa vichekesho. Mwaka 1980 alikuwa New York, Central Park, akiimba katika The Pirates of Penzance pamoja na Kevin Kline na Linda Ronstadt. Mwaka 1988 alishinda tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya majukwaa ya London, kwa kuimba nafasi ya Bibi Kizee katika Candide ya Leonard Bernstein.

Sasa, mtu asiyejua kuimba akiimba vibaya anachosha tu, maana anakosea popote na msikilizaji hana la kusubiri. Mwimbaji hodari huchagua pa kuharibu. Msikilize Hyacinth anapomwona jirani yake Emmet, mwanamuziki anayejificha kila akisikia nyayo zake. Pumzi imejaa, maneno yanatamkwa sawasawa, kifua kiko mbele. Halafu inakuja noti ya juu: anaiendea kwa chini, anaitelezesha hadi inapita, anaitetemesha kupita kiasi na kuing'ang'ania pale ambapo mtu mwenye haya angeiachia. Unacheka kwa sababu kila kitu kipo sawa isipokuwa kile anachojivunia zaidi. Jaribio hilo linahitaji sikio linaloijua noti sahihi ili liikose kwa kipimo.

Ni kweli alipata tuzo ya Tony kwa mchezo ulioanguka?

Kweli. Tony ni tuzo kubwa ya Broadway, yaani kumbi kubwa za maigizo za New York. Mchezo huo uliitwa Darling of the Day, muziki wa Jule Styne, na alicheza na Vincent Price. Ulifunguliwa Broadway Januari 1968 ukafungwa baada ya maonyesho 31 tu. Miezi miwili baadaye Routledge akapewa Tony ya mwigizaji bora wa kike katika mchezo wa muziki, kwa kufungana kura na Leslie Uggams. Ukumbi ulikuwa umekwishafungwa, kwa hiyo aliyetaka kwenda kumwona mshindi hakuwa na pa kwenda.

Anguko la pili lilikuwa baya zaidi. Mei 1976 alicheza 1600 Pennsylvania Avenue, kazi ya Bernstein na Alan Jay Lerner kuhusu Ikulu ya Marekani. Yeye aliigiza wake wa marais, mmoja baada ya mwingine. Maonyesho saba, basi. Ila ndani ya ajali hiyo kulikuwa na wimbo mmoja ambao mashabiki wa jukwaa wanausimulia hadi leo: aliimba peke yake kama wanawake wawili wanaogombana, mke wa rais anayeondoka na mke wa rais anayeingia, akibadilisha sauti na sura papo kwa papo.

Mwaka huohuo, Septemba, ukumbi wa Royal Exchange ulifunguliwa Manchester, ndani ya jengo lililokuwa soko la pamba. Mchezo wa ufunguzi ulikuwa The Rivals wa Sheridan yuleyule, na Routledge akawa Bi. Malaprop, mwanamke anayependa maneno makubwa asiyoyajua maana. Miaka 14 baadaye Hyacinth atakapojitokeza, utaona undugu wao.

Aliingiaje kwenye televisheni?

Alikuwa akionekana humo tangu zamani kwa nafasi ndogondogo, na katika filamu pia: ni mmoja wa walimu wenzake Sidney Poitier katika To Sir, with Love ya 1967. Kilichombadilishia mambo ni kukaa kwenye kiti na kusema peke yake mbele ya kamera.

Mwandishi Alan Bennett alimwandikia A Woman of No Importance, iliyoonyeshwa na BBC mwaka 1982. Mwanamke wa ofisini anasimulia habari zake, na mtazamaji anagundua taratibu yale ambayo yeye msimulizi hayaoni. Kisha mchekeshaji Victoria Wood akampa Kitty, mama wa Cheadle mwenye maoni juu ya kila jambo, katika vipindi vyake vya 1985 hadi 1986. Mwaka 1988 Bennett akarudi na mfululizo wa Talking Heads, na Routledge akamwigiza Irene Ruddock katika A Lady of Letters: mwanamke mpweke anayeandika barua za malalamiko kwa kila mtu hadi barua zenyewe zinampeleka jela. Aliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA, tuzo kubwa ya televisheni ya Uingereza, kwa kazi hiyo; aliyeshinda alikuwa Thora Hird, kutoka mfululizo huohuo. Mwaka 1998 Bennett alimpa hadithi nyingine, Miss Fozzard Finds Her Feet.

Anayetaka kujua Routledge alikuwa mwigizaji wa kiwango gani aanze na Irene, kisha ndiyo aende kwa Hyacinth. Ni mwanamke wa aina ileile: anachungulia kwa pazia, anapima majirani, anaogopa kudharauliwa. Tofauti ni kwamba Irene hana watu wa kumzunguka, na kicheko kinakatika mapema.

Utani wa jina Bucket ni upi?

Kwa Kiingereza neno hilo ni ndoo. Mume wake, Richard, kwao wanaitwa hivyo na hana tatizo nalo. Hyacinth hakubali kuitwa Bibi Ndoo, kwa hiyo analitamka kwa Kifaransa, “bukei”, linasikika kama neno la shada la maua. Kiingereza kimebeba maneno mengi ya Kifaransa tangu Wanormani walipoiteka nchi mwaka 1066, na yamebaki na harufu ya ikulu na meza za wakubwa. Ni kama mtu wa kwetu anayechomeka Kiingereza katikati ya salamu ili ajulikane amesoma.

Mwandishi Roy Clarke aliongeza kitu ambacho wengi hawakioni: dada wote wanne wana majina ya maua. Hyacinth, Daisy, Rose na Violet. Ua limeolewa na ndoo.

Kwa wanaotafsiri maandishi ya chini ya picha: msiligeuze jina kuwa “Ndoo” moja kwa moja. Mkifanya hivyo, Hyacinth akisema “bukei” sauti na maandishi vinapigana, na mtazamaji anadhani tafsiri imekosewa. Acheni Bucket kama lilivyo kila mtu mwingine anapolitamka, andikeni “Bukei” anapolitamka yeye, na mara ya kwanza tu ongezeni maneno mawili ya kueleza kuwa ni ndoo na shada. Baada ya dakika kumi hakuna atakayehitaji kukumbushwa.

Mbona vichekesho ni vilevile kila mara, na bado watu wanacheka?

Kwa sababu vimejengwa hivyo makusudi. Tamthilia nyingi za vichekesho hutegemea kushtukiza. Hii inategemea kusubiri.

Chukua vikombe. Hyacinth anamkaribisha jirani yake Elizabeth kahawa, na kumwonya kuwa vikombe ni Royal Doulton, vyombo vya kaure vya Kiingereza vyenye jina, vilivyochorwa maua kwa mkono. Elizabeth, ambaye kwake hajawahi kuvunja kitu, mikono inaanza kutetemeka. Onyo ndilo linaloleta ajali. Waswahili tuna kabati la vyombo vya wageni, tunalijua hilo: mtoto hakidondoshi kikombe mpaka aambiwe “shika vizuri”.

Halafu simu. Hyacinth huipokea kwa sauti ya mwenye nyumba wa hadhi, lakini namba yake inakaribiana na ya mgahawa wa Kichina, na anayepiga anataka kuagiza chakula. Akienda kwa dada zake Daisy na Rose, kuna gari bovu limeegeshwa uani, na ndani yake mbwa. Mbwa anabweka, Hyacinth anaruka. Tunajua mbwa yupo, yeye pia anajua. Routledge alibadilisha kila mara namna ya kushtuka: mara kofia, mara mkoba, mara mwili mzima kwenye ua wa majani. Halafu anajinyoosha nguo kana kwamba hakuna kilichotokea, na hapo ndipo kicheko kikubwa kinapotoka.

Jambo la mwisho: hakumdhihaki Hyacinth. Alimwigiza kwa uzito uleule ambao angempa Malkia Margaret katika Richard III, nafasi aliyoicheza kweli na kampuni ya Royal Shakespeare mwaka 1984. Mwigizaji anayecheka pamoja na watazamaji kuhusu mhusika wake angeiua tamthilia hii katika msimu wa kwanza.

Kuna sehemu ngapi, na nizitazame kwa mpangilio upi?

Jumla ni 44. Kuna misimu mitano: 1990 ina sehemu 6, 1991 ina 10, 1992 ina 7, 1993 ina 7, na 1995 ina 10. Hizo ni 40. Nne zilizobaki ni za Krismasi: 1991, 1993, 1994 na 1995. Ya kwanza ilirushwa tarehe 29 Oktoba 1990, ya mwisho tarehe 25 Desemba 1995.

Mkanganyiko hutokea hapa: baadhi ya mikusanyo huweka zile za Krismasi kwenye diski ya pembeni, au huziacha kabisa. Ukihesabu 40, umekosa zile nne. Ya 1994 ndiyo inayopotea zaidi, kwa kuwa mwaka huo hapakuwa na msimu wa kuishika mkono. Ya 1993, ambamo Hyacinth na Richard wanasafiri kwa meli ya QE2, usiikose.

Mpangilio si lazima ufuatwe, ila ujue kwamba katika msimu wa tatu Richard anastaafu mapema. Kabla ya hapo ana ofisi ya kukimbilia. Baada ya hapo yuko nyumbani mchana kutwa, na uso wa Clive Swift, aliyemwigiza, unazidi kuwa mtamu.

Ilipigwa picha wapi?

Nje ya nyumba ya Hyacinth ni Binley Woods, kijiji cha Warwickshire. Nyumba ya Daisy na mumewe Onslow ni Stoke Aldermoor, Coventry, si mbali kutoka hapo. Ndani ni seti za studio za BBC Television Centre, London, mbele ya watazamaji waliokaa kwenye viti.

Ndiyo maana ukitazama kwa makini mwanga unabadilika mtu akivuka mlango: nje ni picha za siku nyingine kabisa, zilizopigwa mapema. Watu wanaishi katika nyumba hizo, kwa hiyo anayepita apige picha kutoka barabarani na aendelee na safari yake.

Mbona Rose wa msimu wa kwanza si yule wa baadaye?

Shirley Stelfox aliigiza msimu wa kwanza kisha akaenda kwenye kazi nyingine. Kuanzia msimu wa pili ni Mary Millar.

Sheridan, mtoto wa Hyacinth, anaonekana wapi?

Hapana popote. Hata sauti yake haisikiki. Anapiga simu kuomba fedha, na sisi tunasikia upande wa mama tu.

Kikundi chetu cha maigizo kinaweza kujifunza nini kwake?

Hizo simu za Sheridan ndizo darasa bora. Fanyeni hivi. Andikeni mazungumzo ya simu ya dakika mbili, pande zote mbili, neno kwa neno. Mtu mmoja asimame nyuma ya pazia asome ya upande wa pili kwa sauti, mara tano au sita, hadi mwigizaji azoee kusikia na kujibu. Kisha mnyamazisheni wa nyuma ya pazia. Mwigizaji aendelee kana kwamba bado anasikia.

Makosa mawili hutokea karibu kila mara. La kwanza, mapengo yanakuwa mafupi: mwigizaji anaogopa ukimya, anajibu kabla mwenzake asiyesikika hajamaliza kusema, na mtazamaji haamini kuna mtu upande wa pili. Dawa ni kuyasoma maneno ya mwenzako kimoyomoyo, yote, bila kuruka. La pili, mwigizaji anarudia alichoambiwa ili watu waelewe: “Unasema unataka fedha?” Routledge mara nyingi aliuacha uso uyapokee maneno kwanza. Tabasamu linaanza, linasita katikati, linabaki limening'inia, kisha sauti inatoka ikiwa tamu kuliko mwanzo. Mtazamaji amekwishajua kiasi kilichoombwa ni kikubwa.

Kwa nini iliisha mwaka 1995 wakati bado inapendwa?

Yeye ndiye aliyeamua. Aliona visa vinaanza kujirudia, na alitaka kuondoka watu wakiwa bado wanataka zaidi. Pia alikuwa na hamu ya kazi nyingine. Tamthilia yenyewe haikufa: mwaka 2016 BBC ilieleza kuwa imeuzwa mara karibu 1,000 kwa vituo vya televisheni vya nchi za nje.

Hetty Wainthropp ni nani?

Ni kazi aliyohamia mara moja, mwaka 1996 hadi 1998: sehemu 27 za Hetty Wainthropp Investigates. Hetty ni mama wa nyumbani wa Lancashire anayeanza upelelezi akiwa na miaka 60, akisaidiwa na mume wake na kijana Geoffrey. Kijana huyo ni Dominic Monaghan, ambaye baadaye dunia ilimwona katika filamu za The Lord of the Rings. Routledge alikuwa amemjaribu Hetty mapema, katika filamu moja ya televisheni ya 1990 iliyorushwa na ITV.

Usiitazame ukimtafuta Hyacinth. Hetty anavaa koti la kawaida, anapanda basi, anasikiliza watu. Ukiona msimu wa kwanza unakwenda polepole, vumilia. Utamu wake uko katika jikoni ya Hetty kuliko katika kumkamata mwizi.

Alipewa vyeo gani, na aitwe vipi kwa usahihi?

Nishani za kifalme za OBE mwaka 1993 na CBE mwaka 2004, na katika orodha ya Mwaka Mpya wa 2017 akawa Dame, cheo cha mwanamke kinacholingana na Sir. Kosa la kawaida magazetini ni kuandika “Dame Routledge”. Cheo hiki hufuatwa na jina la kwanza: Dame Patricia, au Dame Patricia Routledge.

Aliolewa?

Hapana, wala hakuwa na watoto. Aliishi miaka mingi Chichester, kusini mwa Uingereza, mji wenye ukumbi mkubwa wa tamthilia ambako alicheza pia. Mwaka 1999 alikuwa Lady Bracknell hapo, katika The Importance of Being Earnest ya Oscar Wilde.

Alifanya nini baada ya televisheni?

Alirudi kwenye muziki. Kuanzia mwaka 2009 alizunguka na Admission: One Shilling, onyesho la watu wawili tu, yeye na mpiga piano, kuhusu Myra Hess. Hess alikuwa mpiga piano aliyeandaa matamasha ya mchana katika makumbusho ya picha ya National Gallery, London, wakati wa Vita Kuu ya Pili, picha zikiwa zimehamishwa kukwepa mabomu. Yalifanyika matamasha 1,698, na kiingilio kilikuwa shilingi moja. Aliyeliandaa onyesho ni Nigel Hess, mjukuu wa ndugu yake Myra. Ndiye pia aliyetunga muziki wa Hetty Wainthropp. Routledge alikuwa na miaka 80 alipolianza.

Kuna Hyacinth mwingine?

Mwaka 2016 BBC ilirusha sehemu moja iitwayo Young Hyacinth, iliyoandikwa na Roy Clarke mwenyewe, ambamo Kerry Howard anamwigiza Hyacinth akiwa msichana wa miaka ya 1950, mtumishi wa nyumba za matajiri. Inafaa kutazamwa baada ya zile 44, si kabla: humo ndimo anamojifunza jinsi vikombe vya watu wengine vinavyopangwa mezani.